Saikolojia na Upimaji wa Akili: Tunapima Nini Tunapompima Mtu?

1. Utangulizi

Hakuna jamii isiyokuwa na elimu yake ya nafsi ya binadamu. Mama hutofautisha kilio cha njaa na kilio cha deko. Mchuuzi sokoni humtambua mnunuzi aliyekusudia kununua na yule anayeuliza bei kwa kupitisha wakati. Mzee wa baraza humsikiliza shahidi akapima, kwa sauti yake na kwa kimya chake, kama asemayo ni kweli. Methali zetu nazo zimejaa maarifa ya aina hiyo. Tukisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, tumekwisha kutoa nadharia juu ya tofauti za watu. Tukiongeza kwamba akili nyingi huondoa maarifa, tumetoa nadharia nyingine, inayotenga werevu na ujuzi.

Basi, sayansi ya saikolojia inaongeza nini juu ya hekima hiyo? Nyongeza yake si maneno magumu wala vyombo vya maabara. Sayansi hujilazimisha kueleza imejuaje kile inachodai kukijua, ili mtu mwingine, hata asiyekubaliana nayo, aweze kurudia uchunguzi uleule na kuona kama atafikia jibu lilelile. Methali haishindwi: karibu kila methali ina nyingine inayoipinga, nasi huchagua ile inayotufaa siku hiyo. Nadharia ya kisayansi sharti iweze kushindwa.

Makala haya yanakusudia kueleza saikolojia ni sayansi ya namna gani. Hatutapita katika matawi yake yote, maana kufanya hivyo kungetupatia orodha tu. Tumechagua suala moja, yaani upimaji wa akili, kwa sababu mbili. Kwanza, suala hilo linadhihirisha nguvu za sayansi hii pamoja na udhaifu wake. Pili, linaihusu moja kwa moja nchi yetu na lugha yetu: watu wa Kongo, wakubwa kwa wadogo, wamepimwa akili tangu wakati wa ukoloni, na alama zao zimetumiwa kusema mambo mazito juu yao. Hoja yetu ni kwamba alama ya kipimo ni swali linalodai kujibiwa, wala si hukumu. Na kwamba wachunguzi wa lugha wana sehemu yao katika kulijibu.

2. Jina na mada ya elimu hii

Neno saikolojia limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: psyche, yaani roho au nafsi, na logos, yaani neno au elimu. Kwa asili yake, basi, ni elimu ya nafsi. Lakini nafsi haionekani wala haishikiki. Ndiyo sababu leo wataalamu huieleza saikolojia kuwa ni uchunguzi wa kisayansi wa fikra na mwenendo wa binadamu. Mwenendo ni yale yanayoweza kuonekana na kuandikwa: kusema, kukimbia, kujibu swali, kunyamaza, kutokwa na jasho. Fikra ni yale tunayoyakisia kutokana na mwenendo huo: kukumbuka, kuogopa, kukusudia, kuamua. Ugumu wote wa elimu hii umo katika hatua hiyo moja, yaani kutoka katika kinachoonekana kwenda katika kisichoonekana.

Anayeandika saikolojia kwa Kiswahili hakosi maneno. Anayo nafsi, roho, moyo, akili, busara, hekima, werevu na ujanja. Taabu yake ni kwamba kila neno limekwisha kuwa na historia. Nafsi, roho, akili na hekima yametoka katika Kiarabu, yakaja na mzigo wa fikra za dini na falsafa. Moyo ni neno la Kibantu, na kazi yake haikomei katika kusukuma damu: moyo ndio unaovunjika, ndio unaotiwa, ndio unaopigwa konde. Katika Kiswahili cha Lubumbashi husikika pia mayele, neno la Kilingala, ambalo laweza kuwa sifa au lawama kwa kadiri ya sauti ya msemaji. Mtu anayeuliza kama mtoto fulani ana akili, ana mayele au ana busara hajauliza swali moja mara tatu. Ameuliza maswali matatu. Jambo hili tutalirudia.

3. Kutoka katika falsafa hadi katika maabara

Kwa karne nyingi mambo ya nafsi yalikuwa mali ya falsafa na dini. Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, Wilhelm Wundt alianzisha maabara ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia. Humo walipima, kwa mfano, muda unaopita kati ya mtu kusikia sauti na kuijibu kwa mkono. Jambo hilo laonekana dogo. Hata hivyo lilionyesha kwamba tendo la fikra huchukua muda, na kwamba muda huo unapimika.

Miaka sita baadaye, mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake juu ya kukumbuka, na mtafitiwa alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri mpaka akaweza kuzitamka bila kosa, kisha akaacha muda upite, akazikariri upya na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi ya kwanza kilichookolewa. Baada ya saa moja hivi, aliokoa yapata asilimia 44; baada ya siku moja, asilimia 34; baada ya siku 31, asilimia 21. Kusahau, kwa hiyo, huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Mtu mmoja ni ushahidi mdogo, lakini kwa kuwa alieleza kila hatua ya kazi yake, wengine wameweza kuifuata: mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros, huko Uholanzi, waliirudia na kupata mwelekeo uleule. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maoni ya mtu mwenye hekima na matokeo ya utafiti.

Kisha ulifuata wakati wa shaka kali. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alikuwa ameona kwamba mbwa hutokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kusikia tu ishara inayokitangulia. Mwaka 1913, huko Marekani, John Watson alitangaza kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi yapasa iache kabisa kuzungumzia yaliyomo ndani ya mtu, ichunguze mwenendo peke yake. Mafundisho hayo yalitawala kwa miongo kadhaa. Wanaisimu watakumbuka kwamba mmoja wa waliochangia kuyatikisa alikuwa mwenzao: mwaka 1959 Noam Chomsky alichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha B. F. Skinner juu ya mwenendo wa lugha, akadai kwamba mtoto husema na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia, na kwamba mazoea na tuzo havitoshi kueleza jambo hilo. Fikra zikarudi katika saikolojia, safari hii zikiwa na wajibu wa kuthibitishwa kwa mwenendo.

4. Jaribio: namna ya kuuliza

Mwanasaikolojia ana njia nyingi za kutafuta ukweli. Anaweza kuwatazama watu katika maisha yao, kuwahoji, au kufuata maisha ya mtu mmoja kwa miaka. Njia inayotoa ushahidi ulio thabiti kuhusu sababu ya jambo ni jaribio. Msingi wake ni rahisi: badilisha jambo moja, yaache mengine yote kama yalivyo, kisha tazama kinachotokea.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Mwaka 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Ilikuwa imesemwa mara nyingi kwamba watoto wa Kiafrika wana upungufu wa kutambua maumbo, kwa kuwa wakipewa kalamu na karatasi wanakili michoro wanashindwa na wenzao wa Ulaya. Serpell aliuliza: je, upungufu huo umo katika macho na akili, au umo katika kalamu? Akawapa watoto kazi ya namna moja, kunakili umbo, lakini kwa vifaa mbalimbali: kalamu na karatasi, waya, udongo wa kufinyanga, na mikono yao wenyewe.

Kwa kalamu, watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, walishinda watoto wa Lusaka. Kwa udongo, na kwa kuiga mikao ya mikono, hakukuwa na tofauti kubwa. Msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi hatashangaa, kwani ameona watoto wakipinda nyaya mpaka zikawa magari yenye usukani na magurudumu yanayozunguka. Angalia vizuri ni nini kilichothibitishwa. Kama uwezo wa kutambua maumbo ungekuwa haba kwa watoto wa Lusaka, ungekuwa haba kwa vifaa vyote. Kwa kuwa mshindi alibadilika pamoja na kifaa, kilichopimwa kwa kalamu hakikuwa uwezo wa kutambua maumbo peke yake. Kilikuwa uwezo huo ukichanganyika na mazoea ya kalamu. Hapo ndipo jaribio linapoonyesha faida yake: limevitenganisha vitu viwili ambavyo macho ya kawaida huviona kuwa kimoja.

5. Kipimo cha akili: kutoka Paris hadi Katanga

Kipimo cha akili kilizaliwa shuleni. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza elimu ya watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chenye maswali 30 yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu. Shabaha ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada, ili apewe msaada. Binet mwenyewe hakuamini kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Alisisitiza kwamba huweza kukuzwa kwa mafunzo na mazoezi. Alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa miaka, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliueneza mgawo huo ukizidishwa kwa 100. Tangu hapo mtoto aliweza kubeba nambari moja kana kwamba ni urefu wake. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kusaidia kikaanza kutumiwa kupanga watu katika madaraja.

Mwaka 1938 Mwingereza John Raven alitoa kipimo kisichotumia maneno. Mtahiniwa huonyeshwa michoro iliyopangwa kwa kufuata kanuni fulani, na sehemu moja imeachwa wazi. Naye huchagua, kati ya vipande sita au vinane, kile kinachokamilisha mpango. Wengi walidhani kwamba kipimo kisicho na maneno hakina utamaduni, hivyo kinafaa kwa watu wote. Kikaja Kongo.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kituo cha saikolojia na pedagojia huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Wakati huohuo André Ombredane, mwanasaikolojia Mfaransa aliyefundisha katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, alikuwa akifanya utafiti katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwajiri alitaka kujua nani anafaa kwa kazi gani, naye mkoloni alikuwa na swali lake la siku zote, kama Mwafrika anaweza kufikiri kama Mzungu. Kipimo kilionekana kuwa jibu kwa yote mawili.

Lakini watafiti wenyewe walikutana na jambo lililowatia shaka. Mwaka 1956 J. L. Laroche alichapisha uchunguzi juu ya athari za kurudia kipimo cha Raven kwa watoto wa Katanga. Mwaka uleule Ombredane na wenzake walichapisha matokeo ya kukirudia kipimo cha namna hiyo kwa watu wazima wa Kongo. Kadiri watu walivyorudia, alama zilipanda. Tuyapime maana yake. Hakuna aliyefundishwa majibu, wala akili za watu hazikubadilika kati ya kikao kimoja na kingine. Kilichobadilika ni ugeni wa kazi yenyewe: kukaa mbele ya karatasi, kusoma mchoro kwa safu, kuelewa kwamba mtu asiyekufahamu anataka uchague kipande kimoja bila kukuambia kwa nini. Alama ya kwanza, ile ambayo kwa kawaida huandikwa katika faili, ilikuwa imepima ugeni huo pamoja na akili, wala haikuweza kuvitenganisha.

Tahadhari hiyo haikusikilizwa na wote. Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walichapisha kitabu kilichopanga mataifa kwa kadiri ya akili, na mataifa mengi ya Afrika yakawekwa mkiani kwa kutegemea tafiti chache, za miaka na mazingira mbalimbali. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake walipitia upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara, wakaonyesha kwamba uteuzi wa tafiti zilizotumiwa haukufuata utaratibu, na kwamba tafiti zenye alama za juu zaidi zilikuwa zimeachwa nje. Hapa pia ni sayansi iliyoisahihisha sayansi. Lakini nambari ikiisha kutoka, huzunguka dunia hata baada ya kusahihishwa.

6. Lugha ndani ya kipimo

Tumeona ugeni wa kalamu na wa karatasi. Ugeni wa lugha ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu tafsiri ikiwa safi tunadhani kazi imekwisha.

Chukua kipimo cha kukumbuka tarakimu, kinachopatikana katika mikusanyo mingi ya vipimo. Mtahini husoma tarakimu kadhaa, na mtahiniwa huzirudia kwa mpangilio uleule. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba watu hukumbuka maneno mafupi mengi kuliko maneno marefu, kwa kuwa kumbukumbu ya papo kwa papo hutegemea muda wa kuyatamka. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walichunguza watu wanaosema lugha mbili, Kiwelshi na Kiingereza, wakaona kwamba hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, lugha ambayo tarakimu zake huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Sasa tulinganishe. Kwa Kifaransa, tarakimu kutoka 1 hadi 9 karibu zote zina silabi moja. Kwa Kiswahili tunasema tatu, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili. Kipimo kikitafsiriwa kwa usahihi kamili, bila kosa hata moja la sarufi, kinaweza bado kumpunguzia mtoto alama. Zaidi ya hayo, mtoto wa mjini mara nyingi huhesabu kwa Kifaransa hata akizungumza Kiswahili. Mtahini asiyejua mambo hayo hawezi kujua amepima nini.

Hata Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtoto wa Lubumbashi akiulizwa mkanda ni nini, aweza kueleza habari za barua au karatasi yenye maandishi, kwani hiyo ndiyo maana ya mukanda anayoijua nyumbani. Mtahini aliyeshika kamusi sanifu angetarajia mshipi wa kiunoni, akamwandikia kosa. Mtoto hakukosea, aliijibu lugha yake.

Lililo zito zaidi ni neno akili lenyewe. Katika kazi yake miongoni mwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia, iliyotolewa kitabu mwaka 1993, Serpell alionyesha kwamba neno nzelu, ambalo kwa haraka tungelitafsiri kuwa akili, lina pande mbili: wepesi wa kuelewa, na utayari wa kutumika kwa uaminifu. Mtoto mwepesi asiyeweza kuaminiwa na kutumwa hana nzelu kamili. Mallory Wober, katika utafiti wa mwaka 1974 nchini Uganda, alikuta kwamba Waganda wa vijijini waliihusisha obugezi na utaratibu na kutokurupuka, wakati kipimo cha shuleni humtuza anayejibu upesi. Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti juu ya watoto wa Kijaluo: waliojua zaidi matumizi ya dawa za mitishamba kwa maradhi yanayowasumbua hawakuwa waliopata alama za juu katika vipimo vya msamiati vya aina ya shuleni, uhusiano ulielekea kinyume. Watoto wale walikuwa wamejifunza mengi, lakini mengine ya yale waliyojifunza hayakuwa na swali katika karatasi.

Haifuati kwamba kila kabila lina saikolojia yake na kwamba hakuna la jumla. Kumbukumbu ya mtu wa Leipzig na ya mtu wa Kisangani hufuata kanuni zilezile, na athari ya urefu wa maneno ni ya binadamu wote. Linalofuata ni kwamba kanuni ya jumla hujitokeza kupitia kwa vitu mahususi, navyo ni waya, kalamu, silabi na maneno. Asiyevijua hivyo mahususi atayachukua mahususi yake mwenyewe kuwa ya jumla.

7. Kipimo kinapotumiwa vyema

Kwa kuyasikia hayo, wengine wangependa kuvitupa vipimo vyote. Hilo lingekuwa kosa, na Kongo yenyewe inatoa ushahidi.

Mwaka 1993 Michael Boivin na Bruno Giordani walichapisha utafiti waliofanya vijijini nchini Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Watoto wa shule waliotibiwa minyoo na kupewa madini ya chuma waliongeza alama katika vipimo vya kufikiri. Kipimo kilekile ambacho kingeweza kutumiwa kusema kwamba watoto hao ni wazito, kilitumiwa kuonyesha kwamba walikuwa wagonjwa, na kwamba wanaweza kusaidiwa.

Mfano wa pili ni wa Kahemba, katika Kwango. Huko kuna ugonjwa uitwao konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaoishi kwa mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na ambao hawapati protini ya kutosha. Sumu ya sianidi iliyobaki katika muhogo huharibu neva, miguu ikakakamaa, na mtu hapati kupona kabisa. Kwa muda mrefu konzo ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa miguu. Mwaka 2013 Boivin, akiwa pamoja na mtaalamu wa neva Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 123 wenye konzo na watoto 87 jirani zao wasio nayo, kisha wakawalinganisha na watoto wa kijiji cha karibu kisichokumbwa na ugonjwa. Wenye konzo walipungukiwa katika kazi za kutambua mipango ya vitu na za kujifunza. Hata majirani zao waliotembea vizuri walionyesha upungufu walipolinganishwa na watoto wa kijiji kile kingine. Sumu, basi, ilikuwa imegusa ubongo wa watoto ambao miguu yao ilikuwa mizima.

Kwa nini tuyakubali matokeo haya na kuyatilia shaka yale ya orodha ya mataifa? Kipimo kilitoka ng'ambo katika visa vyote viwili. Jibu limo katika ulinganisho. Watoto wa Kahemba walilinganishwa na watoto wa eneo lao, wenye maisha ya kufanana. Ugeni wa kipimo uliwaangukia wote, kwa hiyo hauwezi kuwa sababu ya tofauti kati yao. Mtoto wa Kongo anapolinganishwa na mtoto wa Ulaya, ugeni humwangukia mmoja tu, na tofauti ya alama inakuwa na sababu nyingi zisizotenganishwa.

8. Hitimisho

Saikolojia ni sayansi kwa sababu inaweza kuvihoji vyombo vyake yenyewe. Wundt alipima muda. Ebbinghaus alijipima mwenyewe. Serpell aliipima kalamu. Watafiti wa Katanga, huenda bila kukusudia, walikipima kipimo. Kila mara maarifa yalipoongezeka, swali lilikuwa moja: tunapima nini tunapompima mtu?

Swali hilo haliwezi kujibiwa na wanasaikolojia peke yao. Mageuzi ya mwaka 1971, yaliyounda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, yalikiweka kitivo cha saikolojia na pedagojia Kisangani, na kile cha lugha na fasihi Lubumbashi. Chuo hicho kiligawanywa tena mwaka 1981, lakini umbali wa fikra kati ya elimu hizo mbili haujafutika. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi tatu za kuupunguza. Ya kwanza ni kukusanya maneno ya akili na tabia jinsi yanavyotumiwa kweli katika Katanga, Maniema, Kivu na Tshopo, pamoja na mifano ya nani huitwa mwenye akili na kwa tendo gani. Ya pili ni kutafsiri vipimo, kisha kumpa mtu mwingine airudishe tafsiri katika lugha ya kwanza bila kuona maandishi ya asili, ili kasoro zijitokeze. Ya tatu ni kubuni vipimo kutokana na vitu vilivyo mikononi mwa watoto wetu. Zambia imekwisha kutangulia kwa kipimo chake kiitwacho Panga Munthu, ambamo mtoto hufinyanga mtu kwa udongo.

Katiba ya mwaka 2006 imeitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Hadhi hiyo inakuwa na maana pale mtoto anapoketi mbele ya mtahini na kuulizwa swali kwa lugha anayoielewa, na jibu lake likasomwa na mtu anayeielewa vilevile. Mpaka hapo patakapofikiwa, mwalimu anayepokea faili lenye alama ya chini ana haki, na wajibu, wa kuuliza: mtoto huyu aliulizwa kwa lugha gani, akiwa na kifaa gani mkononi, na je, siku ile alikuwa amekula?